Filamu ya Kipa Niliyoisifu Kabla ya Kuiona

Nianze kujicheka mwenyewe, kisha ndiyo mfuate nyinyi, maana aibu niliyoipata siku ile haifichiki, mashahidi wake walijaza ukumbi na wengine wao mpaka leo tunapishana sokoni na wanainamisha kichwa kuficha meno. Mimi, Elphas, mtu mzima mwenye tai, karani na mkalimani wa korti, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kumpa shahidi Biblia na kumwambia aseme ukweli mtupu, nilisimama mbele ya watu wa Kakamega na maiki mkononi nikasema uongo kwa zaidi ya saa nzima. Na haukuwa uongo wa kuokoa roho ya mtu, ulikuwa uongo juu ya filamu ya mpira!

Ilikuwa miaka ya tisini (mwaka wenyewe siutaji, nina watoto wanaojua kuhesabu). Nilikuwa na rafiki yangu anaitwa Zablon, ambaye tulisoma naye tangu darasa la kwanza, na huyu Zablon alikuwa na vitu viwili vilivyomfanya aonekane mtu wa maana mjini: deki ya video aliyokuwa akionyeshea watu filamu kwenye ukumbi kila Jumamosi mchana, na kijigazeti cha kurasa nne, kazi ya taipu na stensili, kilichobanwa kwa pini moja ambayo ilikuwa ikitoboa watu vidole. Ndani yake mlikuwa na matangazo ya mazishi, bei ya mahindi, habari za fahali waliopigana Malinya, na ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa wangu, uhakiki wa filamu. Jamani, nilikuwa naogopwa! Filamu za karate nilizichapa, za mapenzi nilizililia, na watu walikuwa wananisimamisha barabarani, "Karani, ya Jumamosi hii tuende ama tukalime?" na nikisema kalimeni, wanaenda kulima kweli, Zablon anabaki ukumbini na viti vyake.

Labda ndiyo sababu Jumanne moja alikuja kwangu kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake.

"Nimepata filamu ya mpira," akasema. "Mpira wa wale wa kulipwa, wa Ulaya. Iko Kisumu, itafika Jumamosi."

"Vizuri. Nitaiona, nitaandika mwezi ujao."

"Mwezi ujao nitakuwa nimeshairudisha. Gazeti linatoka keshokutwa. Andika sasa."

"Niandike nini na sijaiona?"

Akanipa karatasi, picha ya jalada la kanda iliyotolewa kopi mpaka imekuwa nyeusi tii, na ukiangalia sana unaona mtu amevaa glavu, amelala hewani, mpira uko karibu na vidole. "Elphas," akaniambia, "filamu za mpira zote zinaishanga namna moja. Wanaumia, wanalia, wanashinda. Wewe ulishaona filamu ya mpira watu wakashindwa?"

Nikafikiria, nikaona kweli sijawahi. (Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kuona filamu ya mpira hata moja, lakini hilo halikunijia kichwani wakati ule.) Basi nikachukua kalamu, na kalamu ikishaanza kwangu haijui breki. Nikaandika kwamba hii ndiyo filamu bora ya kandanda kuwahi kufika mkoa wetu, kwamba kipa ndiye shujaa, kwamba anaokoa penalti dakika ya mwisho kabisa na uwanja mzima unambeba mabegani, na kwamba mtu atakayetoka mle ukumbini bila machozi ya furaha akapimwe hospitali. Nikaisoma tena nikajipenda.

Sasa hapo ndipo lazima niwaambie habari za Rose. Rose alikuwa anasomea uuguzi upande wa Mukumu, na mimi nilikuwa nimempenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti, na wazee wangu walikuwa wameshaenda mara moja kwa baba yake kule Malinya kupeleka neno. Baba yake, Mzee Ambani, aliwasikiliza, akawapa chai, akasema, "Nimesikia. Nitamwangalia kijana." Basi! Mwezi wa pili sasa alikuwa ananiangalia, na mimi nilikuwa natembea mjini kama mtu anayejua ameangaliwa. Mzee huyu hakuwa na makuu, hakutaka tajiri, hakutaka mtu wa ukoo fulani, kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa roho: uongo. Kabla yangu alikuja jamaa mmoja akasema ana pikipiki, mzee akamwambia lete tuione, ikaja, kumbe ya kaka yake, na yule jamaa alirudi kwao kwa miguu.

Tena Rose alikuwa ameniambia siri ya nyumbani. Baba yake ujanani alikuwa kipa wa timu ya kiwanda, kipa hasa, na kulikuwa na fainali fulani ambayo mpaka leo haiongelewi mbele yake. Penalti ilipigwa, akaruka mapema upande usiofaa, wakashindwa, na watu wakanong'ona kwamba alikula kitu. Yeye alisema jua lilimwingia machoni. Tangu siku hiyo hakuvaa glavu tena.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, natoka kortini nampata Mzee Ambani amesimama getini, kofia mkononi, kijigazeti chetu amekikunja mara nne.

"Mulembe, kijana."

"Mulembe muno, mzee."

Akakikunjua polepole mpaka ukurasa wa mwisho. "Haya maneno ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Hii filamu umeiona na macho yako?"

Jamani, hapo mlango ulikuwa wazi! Ningesema "bado, mzee, niliandika kwa kusikia," angeguna, angeenda zake, na mimi leo nisingekuwa na mkasa. Lakini nilimwona vile ananiangalia, mkwe mtarajiwa, mtu wa maneno yaliyopigwa chapa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimeiona, mzee. Nairobi. Mara mbili." (Ya mara mbili hakuna aliyeuliza!)

"Na kipa anaokoa?"

"Anaokoa, mzee. Dakika ya mwisho."

Akalikunja gazeti vile vile taratibu. "Watu wanaimbanga wafungaji tu," akasema. "Kipa wanamkumbuka siku amekosa. Hiyo kitu nimeingojea sana." Kisha akavaa kofia. "Kesho nitakuja na watu wangu. Na Jumapili wazee wako waje nyumbani, nitawapa jibu." Akaenda, na mimi mpumbavu nikarudi ofisini nikipiga mluzi.

Jumamosi hiyo mvua ilitishia tangu asubuhi, mawingu mazito, lakini watu walikuja, haki ya Mungu sijawahi kuona watu namna ile. Zablon alifunika madirisha na blanketi, akapanga televisheni zake mbili juu ya jukwaa, na katikati ya hizo televisheni ndiyo ilikuwa nafasi yangu mimi na maiki, kwa sababu filamu zilikuwa za Kizungu na watu wengi hawakisikii, kwa hivyo kazi yangu nyingine ya kila Jumamosi ilikuwa kuwatafsiria kila neno papo hapo, vile nafanya kortini. Kanda ilikuwa imefika kutoka Kisumu nusu saa tu kabla ya kuanza.

"Umeiangalia?" nikamuuliza Zablon kwa sauti ya chini.

"Saa ngapi? Wewe si umeiandika?" akacheka.

Mara nje nikasikia ngoma. Isukuti! Nikadhani kuna mazishi ya mtu mkubwa, kumbe ni Mzee Ambani anaingia, nyuma yake wazee saba waliocheza naye timu ya kiwanda, wawili na jezi zao za zamani zimewabana tumboni, na nyuma yao wapiga isukuti watatu, wale wale wanaosindikizanga fahali asubuhi ya kupigana. Kwetu mwenye fahali anayejua atashinda haendi kutafuta ngoma baadaye, anakuja nazo, kwa sababu ushindi ukikukuta mikono mitupu ni aibu na ni mkosi. Na mzee alijua kipa atashinda, si imeandikwa gazetini? Si mkwe wake ameiona mara mbili? Wakaketi safu ya pili, ngoma kwenye magoti. Rose alikuwa safu ya mbele na mwenzake mmoja wa uuguzi, akanipungia mkono kidogo, amevaa ile gauni ya kijani, woi!

Filamu ikaanza. Kipa yuko ndani ya gari na mtu mnene mwenye koti refu. Yule mnene anatoa bahasha, anamwambia kwa Kizungu kilichonyooka kabisa kwamba fainali hii wanataka timu yake ishindwe, achukue, na asipochukua basi afikirie mke wake.

Niliganda. Maiki iko mdomoni, ukumbi unangojea. Moyo uliniambia Elphas, sema ukweli sasa ungali mapema, na macho yakaniangukia kwa Mzee Ambani, ameegemea mbele, mdomo wazi kidogo, vile mtu anavyongoja komunyo. Nikasema:

"Huyu mnene... ni mjomba wake. Amemletea barua ya pongezi kutoka nyumbani. Anamwambia kijana wetu, usituangushe."

"Aaah!" ukumbi mzima ukafurahi. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Mungu ambariki huyo mjomba!"

Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Mke wa kipa akapata bahasha chini ya godoro, akalia, nikasema analia kwa furaha ya barua. Kepteni akamshika kipa shati, akamshutumu, nikasema anamtania, ndivyo Wazungu wanavyotaniana. Yule mnene akarudi tena, safari hii na majambazi wawili wenye miwani nyeusi, nikasema mjomba ameleta binamu. Watu walikuwa wameshampenda yule mjomba kuliko kipa mwenyewe! Kila akitokea wanapiga vigelegele, "Mjomba! Mjomba!" na yeye pale kwenye televisheni anatishia kumvunja mtu miguu. Upande wa kushoto, walipokaa wanafunzi wa sekondari, nikaanza kusikia kicheko cha kubanwa, kile cha puani. Sikuthubutu kumwangalia Rose. Nilimwangalia mara moja tu, kwa bahati mbaya, hakuwa anaangalia filamu, alikuwa ananiangalia mimi, na ule mkono ulionipungia ulikuwa umefunika mdomo.

Ikafika fainali. Penalti, dakika ya mwisho (hapo angalau nilipatia). Ukumbini ungesikia hata sindano ikianguka. Wazee wa timu ya kiwanda wamesimama wote, wapiga ngoma wameinua mikono. Mpigaji akaja, kipa akaruka kushoto kwa makusudi kabisa, mpira ukaenda kulia polepole kama mgeni asiye na haraka, ukaingia wavuni. Na hawa watengeneza filamu, sijui niliwakosea nini, wakarudia lile goli mara nne, pole pole, kila upande!

"Aka!" watu wakasema kwa pamoja.

"Ndoto!" nikapiga kelele kwenye maiki mpaka ikalia. "Hii ni ndoto jamani! Anaota! Ni usiku wa kuamkia mechi, ameota vibaya!"

"Aaah, ni ndoto," watu wakaambiana, wakatulia. "Ni ndoto tu, mama Nekesa, kaa chini."

Na filamu ikaenda chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji wameinamisha vichwa, wengine wanalia, na mimi jasho limenilowesha mpaka tai, nikaona hapa ni kufa au kupona, nikasema, "Na sasa wameamka, wameenda uwanjani, kipa ameokoa! Ameokoa penalti! Hapa wamerudi ndani, wanalia kwa furaha!"

Isukuti ikalipuka. Jamani, ile ngoma ndani ya ukumbi wenye bati, ukiongeza vigelegele vya akina mama, hata mvua ilianza kunyesha na hakuna aliyeisikia. Wazee wenye jezi wakatoka kwenye safu wakacheza mabega katikati ya njia, mmoja amembeba mwenzake, yule mama aliyembariki mjomba anaimba wimbo wa kanisa. Kwa dakika moja hivi, na niwe mkweli, nilisikia raha. Nilidhani nimeponea.

Kisha nikaona Mzee Ambani hachezi. Amesimama peke yake, karibu na televisheni, anamwangalia yule kipa anayetembea kwenye kibaraza kirefu kuelekea kwenye gari lake. Akainua mkono. Ngoma zikanyamaza moja moja.

"Zima mashine," akasema.

Zablon akabonyeza, picha ikasimama, mgongo wa kipa umekwama pale kwenye kioo.

"Kipa aliyeokoa hatembei hivyo," mzee akasema. Hakupaza sauti, wala hakunigeukia. "Mimi Kizungu sijui. Lakini huo mgongo naujua." Halafu akageuka safu ya mbele. "Rose. Wewe nimekusomesha. Huyu mtu amefanya nini?"

Nilimwangalia Rose. Sijui nilitaka afanye nini, ama najua, nilitaka anisaidie, nilimuomba kwa macho kama mtuhumiwa. Akasimama, akanyoosha gauni.

"Ameuza mechi, baba. Amefungisha kwa kupenda."

"Na huyu mjomba?"

"Si mjomba. Ndiye aliyenunua."

"Woooi!" Sauti ilitoka kila pembe, na yule mama akashika kichwa, "Na mimi nimemuombea baraka!" Mwanafunzi mmoja akapayuka, "Mheshimiwa hakimu, shahidi ni mwongo!" na ukumbi ukapasuka kwa kicheko, watu wanapigana mabega, wengine wanadai nitupwe nje, wengine wanasema hapana, asitupwe, afungwe. Zablon alikuwa ameshajificha nyuma ya pazia (rafiki wa dhati!). Mimi nilibaki pale katikati ya televisheni mbili, maiki bado mkononi, na kitu pekee kilichonitoka kikapita kwenye spika kwa sauti kubwa kilikuwa, "Samahani."

Mzee Ambani akaninyang'anya maiki taratibu, akampa binti yake. "Irudisheni mwanzo," akasema. "Na wewe kijana, njoo ukae hapa nikuone."

Nikaketi kati yake na mzee mwenye jezi iliyombana, na filamu ikaanza upya, Rose akitafsiri. Alitafsiri vizuri kuliko mimi, niseme nini, hana madoido, neno kwa neno, na sauti inatetemeka kidogo mahali pa kutetemeka. Yule mnene alipotokea na bahasha, watu wote, nasema wote, waligeuka kuniangalia, "Mjomba wako huyo!" na kila alipotokea tena ni hivyo hivyo, mpaka nikatamani wamuue haraka kwenye filamu. (Hawakumuua.) Lakini kadiri ilivyoendelea vicheko vikapungua. Mke alipolia, safari hii walijua kwa nini, na akina mama wakalia naye. Goli lilipoingia mara nne hakuna aliyesema "aka". Na mwisho, ule mwisho ambao mara ya kwanza hatukuufikia, kipa anasimama mbele ya waandishi wa habari, hana wakili, hana mjomba, anasema, na Rose akasema naye: "Nilichukua. Hakuna aliyenishika mkono. Nimewaangusha na nimewadanganya."

Mimi sikuweza kuinua uso. Nilisikia kando yangu pumzi za mzee, na nilipochungulia niliona analia wazi wazi, machozi hayafuti.

Taa zilipowashwa hakuna aliyeondoka. Mzee Ambani akageukia wenzake saba. "Nyinyi," akasema, "ile siku. Hakuna mtu alinipa kitu. Lakini lile jua niliwaambia, halikuwako. Niliogopa. Niliruka nikiwa nimefumba macho."

Kisha yule mzee wa jezi ya kubana akasema, "Ambani, tulijua. Siku ile ilikuwa inanyesha."

Na wakacheka, wazee wale! Walicheka huku wanafuta macho, wakamshika mabega, na ngoma zikapigwa tena, polepole, hata sijui za nini, wakatoka nazo kwenye mvua. Mimi nilibaki kwenye benchi. Rose akaja kurudisha maiki, nikamwambia, "Rose, baba yako nimemkosea sana."

"Baba umemdanganya kwa kitu asichokisikia," akasema. "Mimi ulijua nasikia. Ukaniangalia ukaendelea. Ulitaka tumdanganye baba yangu pamoja." Akaweka maiki juu ya benchi akaenda. Hiyo, marafiki, ndiyo iliyonikata. Kuchekwa na mji mzima kunapita, lile neno lilikaa.

Jumapili mzee akatuma neno kwamba wazee wangu wasije. Jumatatu naingia kortini, naapisha shahidi wa kwanza, hakimu ananiangalia juu ya miwani, "Karani, leo utatafsiri aliyoyasema, ama barua ya mjomba?" Hata mshtakiwa alicheka, na alikuwa na kesi ya kuiba kuku! Mwezi uliofuata nikaandika uhakiki mfupi kuliko wote niliowahi kuandika: kwamba filamu ya kipa niliisifu bila kuiona, kwamba sasa nimeiona, kwamba ni nzuri na inauma, na wasomaji waniwie radhi. Zablon alilalamika kwamba nitaua gazeti. Liliisha siku moja, watu walikuwa wanalisomeana kwa kinyozi.

Wiki tatu baadaye ndiyo tukaitwa Malinya. Niliketi kwenye kiti cha pembeni kabisa, wazee wangu hawataki hata kuniangalia, obusuma na ingokho, ugali na kuku wa heshima, vimeletwa na sikugusa. Mzee Ambani akala, akanawa, akasema, "Mimi nimemsamehe huyu kijana. Nitamfukuzaje kwa uongo wa wiki moja, na wangu una umri wa watoto wangu? Lakini anayeolewa si mimi. Muulizeni mwenyewe."

Rose akaitwa. Akasimama mlangoni, mikono imekunjwa, akaniangalia vile alivyoniangalia ukumbini, nami nikajua hapa ndipo ninapopata ama ninapokosa.

"Ukiulizwa kitu hujui," akasema, "utasema nini?"

Wazee wangu wote wakanigeukia, shangazi yangu ananikonyeza, maana walikuwa wameniandalia njiani maneno matamu ya kusema, yote yenye methali. Yakayeyuka. "Nitasema sijui," nikasema.

"Na nikikuuliza kama utaweza kusema hivyo kila siku?"

"Sijui, Rose."

Akacheka. Alijaribu kuzuia akashindwa, shangazi akapiga kigelegele kabla hata hajajibu, na ndivyo nilivyopewa mke.

Kwa hivyo msiniulize tena filamu gani ni nzuri, wala kitabu, wala mhubiri, kama sijamwona na macho yangu siongei, hata mnitie kitanzi. Watu wa rika langu mjini bado wananiita Mjomba na nimezoea, naitika. Na nyumbani kwangu, tangu siku ile, nimemwambia mke wangu "nakupenda" mara nyingi, lakini "sijui" nimemwambia mara nyingi zaidi, na ukimuuliza yeye atakuambia hiyo ya pili ndiyo iliyomfanya aamini ile ya kwanza.